Wakia Mbili

Mwaka wa arobaini na tatu, bondeni kwetu Wales,
siagi ilikuwa wakia mbili kwa wiki,
na yai moja, kuku akiridhia.
Serikali ilikuwa na mkono wa birika:
hata makaa tuliyoyachimba wenyewe ilituhesabia.

Ndipo treni ikashusha wanawake watatu,
fidla mbili, na sanduku kubwa kama jeneza.
Bibi yangu Gwenllian, wakati huo binti wa miaka kumi na minane,
akauliza nani kafa.
Hakufa mtu. Ni fidla nene, ya kupigwa umekaa.
Nauli imelipwa na Hazina, wakasema,
naye akacheka, akadhani ni mzaha.

Wakapiga ukumbini, madirisha yamezibwa kitambaa cheusi
ndege za Wajerumani zisione taa,
mbele ya wachimbaji wa zamu ya mchana,
kope zao zingali na vumbi.
Usiku ule hakuna aliyepima kitu.

Sasa siagi imejaa friji,
fidla ndiyo inayopimwa kwa wakia.
Ruzuku ilikatwa nikiwa shuleni,
ikakatwa tena,
kisha ikaja barua yenye “tunasikitika” mara tatu.
Piano tukaiuza. Paa likavuja palepale ilipokuwa.

Jana nimekesha na fomu mpya.
Swali la tisa: taja faida, kwa tarakimu.
Nikamsomea Bibi, uzee wote ule, akili wembe.
Andika, akasema: Emrys Probert,
ambaye hata kanisani hakuvua kofia,
alivua.

Kisanduku hiki ni cha namba tu, Bibi.

Basi andika moja.