Ukingo

Usianze na harufu, Doreen ananiambia,
siku hizi harufu inauzwa kwenye chupa.
Usianze na muhuri. Muhuri ni ulimi,
na ulimi hauna mfupa.
Geuza. Tafuta pale kisu kilipopita.
Ukingo bado haujajifunza uongo.

Walsall, Novemba, mvua isiyonyesha wala kukoma.
Karakana yetu iko juu ya duka la mazulia:
nta, uzi wa kitani, sindano mbili kwa mshono mmoja,
na Doreen Pargeter, miaka arobaini na moja
akishona matandiko ya farasi asiowapanda,
kidole gumba kigumu kama kisigino.

Ananifunga macho kwa leso, ananipa vipande.
Ya kweli huanza na ubaridi, kisha hulipokea joto lako
polepole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Ya bandia ina uchangamfu wa mtu mwenye deni.
Bonyeza: ya kweli hukunja uso,
ile nyingine hubonyea tu na kusahau.
Dondosha maji: moja hunywa, hubaki na doa,
moja hulibeba tone kama jani la myugwa.
Na vinyweleo, anasema, viwe kama watu sokoni,
si kama wanafunzi kwenye paredi.

Makovu anayapenda. Huyu alikwaruzwa na seng'enge.
Huyu kupe walimkalia shingoni kiangazi kizima.
Huyasoma kwa kucha, midomo ikichezacheza.

Na moto? nikauliza.
Moto ni kipimo cha wasio na subira.

Nami nikamlipa kwa methali: ngozi ivute i maji.
Nikaifasiri kwa Kiingereza changu cha kupinda.
Akaonyesha ndoo. Kwani sisi tunaivuta kavu?

Ijumaa nikaleta mkanda.

Baba aliutuma mwaka wa tisini na tatu
kwa mkono wa mtu wa Korogwe aliyekuwa akirudi.
*Ngozi halisi*, barua ilisema, *nimeushona mwenyewe,
hapa hapa ninapofanya kazi.*
Wenzangu walifunga kaptula kwa kamba za katani.
Niliwatoza karanga, punje tano kila mguso.

Doreen akaupeleka dirishani. Akaugeuza.
Akautazama ukingo kwa muda mfupi mno,
kisha akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Nikatazama mwenyewe.
Kitambaa cheupe, juu yake povu, juu yake rangi,
tabaka tatu, keki ya harusi ya mtu mwingine.
Mshono wa mashine, ulionyooka bila kuvuta pumzi.

Kwa hiyo hakushona.
Labda hata ngazi hizi hakuwahi kuzipanda.
Kuna bwana wa Smethwick aliyewahi kuniambia:
baba yako alikuwa ghala la barafu, zamu ya usiku,
akibeba nyama. Nikamwita mzushi, msibani, mbele za watu.

Lakini kuna tundu.
Sita ni za kiwandani, duara kamili.
La saba liko mbali na wenzake, limekwenda upande,
limetobolewa kwa msumari uliotiwa moto:
midomo yake imeyeyuka, ikaganda na kung'aa,
kama plastiki inavyofanya, kama ngozi isivyofanya.
Kiuno cha mtoto wa miaka minane
aliyemwacha akiwa na minne.
Alikikisia kwenye picha. Kilinikaa barabara.

Na lazima alisikia ile harufu.
Msumari ulipoingia, chumba kikajaa moshi mchungu,
naye akajua alichonunua,
akafungua dirisha, akapoza msumari,
akakaa kuandika barua.

Doreen akarudi na vikombe.
Akapitisha kidole chake kwenye lile tundu la saba,
akakizungusha, kama anavyofanya kwa makovu.
"Hili," akasema, "ni la mkono."

Hatukuongeza neno.
Kulikuwa na hatamu za mtu wa Lichfield,
anazitaka Jumatatu, na uzi bado haujatiwa nta.