Mluzi wa Saa Kumi Kasorobo

Barua ya tano ya Bi Kristina Oblak ilifika
na theluji juu ya bahasha:
"Kile chombo chenu cha kupasha nyumba joto,
mlichokifunga chini ya dirisha langu,
hupiga mluzi saa kumi kasorobo usiku.
Si kelele. Kelele ningeizoea.
Ni mluzi, kama mtu anayeniita
halafu akiulizwa anakana."

Mota ya feni ile niliichora mimi.
Meno kumi na mawili, sumaku kumi.
Nilijisifu kwa shaba niliyookoa.

Zamani, yaani mwaka jana,
tungengoja wiki sita:
kiwanda kikate bati, kisuke waya,
Brane aifunge mota kwenye benchi la majaribio,
azime redio, afunge mlango,
ainamishe sikio kama daktari asiyemwamini mgonjwa,
kisha aandike daftarini neno moja:
Inalia.
Nasi turudi kuchora.

Safari hii kuna toleo jipya la programu.
Limekuja Jumatatu, na orodha ya mambo mapya
isiyosomwa na mtu ila mimi, chai mkononi,
Škofja Loka ikiwa bado gizani.

La kwanza: wavu unajisuka wenyewe.
Pembetatu laki tatu zinajipanga,
pana ndani ya chuma kinene,
ndogondogo kwenye ule mwanya
baina ya kinachozunguka na kisichozunguka,
nusu milimita, ambapo kazi yote hufanyika
na ambapo hamna kitu.
Niliwahi kuumaliza mwezi wa Februari
nikizishona pembetatu hizo kwa mkono.
Sikusikitika kuachishwa kazi hiyo. Labda kidogo.

La pili: programu sasa inajua
kwamba chuma hukumbuka kisu.
Palipokatwa, ukingoni, upana wa punje ya mchele,
usumaku hupita kwa shida,
kama mguu uliovunjika ukaunga:
unatembea, ila mvua ikikaribia unasema.
Miaka yote tulilihesabu bati
kana kwamba lilizaliwa na umbo lake.

La tatu ndilo lililoninyanyua kitini.
Kitufe chenye picha ya sikio.

Nikavaa vipokea sauti, nikaifungua ile mota ya zamani,
nikabofya.
Mizunguko mia tano kwa dakika. Elfu moja. Elfu na mia mbili,
na papo hapo, mwembamba,
akaita, akakana.

Kwenye skrini stata yangu ilikuwa inageuka yai.
Yai la kusimama, duara, yai la kulala,
sehemu ya mia ya unywele, mara mamia kwa sekunde,
sumaku zikiyavuta meno huku na huku
kama watoto wanaogombea shuka.

Basi nikapunguza sumaku mbili.
Nikairudisha shaba niliyoibania.
Mota hiyo haijakatwa, haijasukwa,
haina hata namba ya ghala,
lakini ilizunguka masikioni mwangu
nami nikasikia upepo tu.

Brane alisikiliza mara tatu.
"Na beringi ya bei rahisi?" akauliza.
"Na skrubu ambayo kijana wa zamu ya Ijumaa hakuikaza?"
Nilitafuta. Hamna kitufe
chenye picha ya kijana wa Ijumaa.

Mchana nikampigia simu Bi Oblak,
nikaisogeza simu kwenye spika.
Ya kwanza: "Ndiye huyo! Mmemkamata!"
Ya pili: akanyamaza.
"Mbona sisikii kitu?"
Nikamwambia hicho ndicho nilichokuwa nikikitengeneza
tangu Jumatatu.

Akanyamaza tena, na kimya hiki
hakikuwa kazi yangu.
"Haya," akasema. "Sasa saa kumi kasorobo
nikiamka, nitamlaumu nani?"

Sikuwa na jibu.
Ng'ambo ya kioo Brane alikuwa anaagiza bati,
wiki sita, vilevile,
na redio yake ameshaizima.