Pointi Nane

Ilikuja kwa guta kutoka Mafiat,
imeviringishwa blanketi la hoteli iliyofilisika,
vijana wanne, kamba ya katani, matusi ya chini chini,
na Tumpale mlangoni, mikono kiunoni:
"Ndiyo nini hii, injini ya treni?"

Laki nane na nusu. Kilichobaki cha kiinua mgongo.
Sikumjibu. Nilikuwa napima mlango:
sentimita sabini na sita. Mashine, sabini na nane.
Tukang'oa fremu.

Lusubilo fundi alikuja na tochi kichwani,
akafungua ubavu wa bati, akachungulia, akapiga mluzi.
Ndani mlikuwa na chokaa nene kama ukoko wa ugali,
kibanio cha nywele, senti ya nchi nisiyoijua,
na unga wa kahawa wa asubuhi za watu wengine
walioamka, wakalipa, wakaondoka.
Ndimu kilo sita kutoka Mwanjelwa.
Boila likazinywa siku mbili,
likatapika maji ya rangi ya mto wa masika.

Umeme ulikuwa kesi nyingine.
Tulipowasha mara ya kwanza breka ikakata, tap,
nyumba giza, na mpangaji wa uani
akauliza kwa sauti kama mgawo umerudi.
Ikabidi tuvute waya mnene moja kwa moja toka kwenye mita,
na LUKU ikaanza kuliwa kama karanga.

Maji nayo. Bomba letu hutoka Jumanne na Ijumaa,
Mungu akipenda.
"Mashine hii inataka presha," Lusubilo akasema.
"Presha ninayo," nikamwambia,
"daktari wa Rufaa kaniandikia vidonge."
Alicheka mpaka spana ikamdondoka.
Kisha akanionya: huku juu maji huchemka mapema,
hayasubiri kufika mia,
usiiamini geji, sikiliza.

Chujio linataka gramu kumi na nane.
Si kumi na saba. Si ishirini.
Nilinunua mzani mdogo kama kipande cha sabuni,
nikamimina, nikainama kusoma,
na hapo ndipo mkono uliponitetemeka.

Miaka kumi na tisa nilikaa nyuma ya mzani
wa chama cha msingi, kule Mbozi, kalamu sikioni.
"Pointi hatuandiki," bosi alinifundisha siku ya kwanza.
"Pointi ni unyevu."
Mama Sikaponda, kidole cha mguu kimefungwa tambara,
alishusha gunia: arobaini na mbili, pointi nane.
Nikaandika arobaini na mbili.
Aliitazama kalamu.
Alijua kusoma. Hakusema kitu.
Mwisho wa msimu pointi zilijaza magunia,
magunia yakapata majina,
na mimi nikapata baiskeli.

Gramu mia nane, gawanya kwa kumi na nane:
vikombe arobaini na vinne, na masalia.
Nilikokotoa nyuma ya risiti ya waya.

Kikombe cha kwanza kilitoka tope, nikakimwaga.
Cha pili kilichuruzika pembeni, mpira haukukaa,
Lusubilo akakaza, akaungua kidole, akakinyonya.
Cha tatu kikashuka taratibu,
uzi mwembamba, mweusi, kisha wa hudhurungi,
povu juu yake rangi ya udongo wa Igamba
jembe likishapita.
Nje ukungu ulikuwa umetoka Loleza
na kukalia mabati ya Isanga.

Tumpale alionja, akakunja uso,
akatia sukari vijiko vitatu, akaonja tena.
Hakurudisha kikombe.

"Kimoja," nikasema.
"Unahesabu nini?"
"Mapigo ya pampu."

Sijui kama Mama Sikaponda bado yu hai.
Sijui hata kama anakunywa kahawa.