Nta Peke Yake

Kunjumon wa duka la Wadi Kabir
ananipangia makopo kauntani kama mwuza dawa:
hii inakata, hii inalisha,
hii nta ngumu ya Brazili,
ya mtende usiozaa tende.

"Polishi kwanza," asema. "Mikwaruzo yote kwaheri."
Inakwenda wapi? namuuliza.
Acheka. "Inaondoka na kitambaa. Na rangi kidogo."

Datsun ya baba ni ya sabini na tatu,
kijani cha kunde mbichi;
jua la Maskati limeinywa miaka hamsini.
Juu ya tangi rangi imebaki ngozi ya kitunguu:
hapo aliegemeza kiganja akijaza petroli
kila Alhamisi, safari ya Ibra.
Na ule mstari mlangoni ni wa bangili ya mama,
siku aliyokataa kushuka.

Polishi haijui bangili.
Hula vyote, sawasawa, kwa adabu.

Basi nimechukua nta tu, kopo dogo,
riali nne na nusu
(ghali, nimelalamika, kwa desturi).

Alfajiri, kabla bati halijawa kikaango,
napaka kwa vidole, duara juu ya duara,
nangoja ukungu wake ukauke,
nafuta.
Namwagia kata ya maji:
yakimbia kama shanga zilizokatika uzi.

Shangazi Thuraya, dirishani:
"Mbona ingali kuukuu?"

Ingali.
Ila mlangoni mstari wa bangili umekolea,
kama uliochorwa jana.