Nipani Ndia

Mlango wa chumba cha juu umerudishwa.
Twaha yumo, mtoto wa dada yangu, miaka mitatu,
macho yamewiva, upele umeanzia nyuma ya masikio
ukashuka kifuani kama mtama uliomwagika.

Mimi niko chini, uani, Shee mgongoni,
miezi saba.
Muuguzi Kadzo ameniambia neno moja: usipande.
Kinga aliyotoka nayo tumboni inamwishia
na ya kwake haijaja, kadi inasema mwezi wa tisa.
Kanzu ya zamani imembana, mpya bado iko kwa fundi.
Kesho, kasema, atamletea sindano ya dharura.
Kesho. Na surua huvuka ua bila kubisha hodi.

Basi nahesabu watu wa nyumba
kama anayepanga sahani za futari.
Mimi nilichanjwa mara mbili, foleni ya skuli, Langoni,
tukilia wote. Ningeingia, ila nani amnyonyeshe Shee?
Mume wangu hajui. Mamake hujibu "pengine",
na pengine haizuii kitu.
Wifi Tima, mimba ya miezi mitano, tumempeleka Shela
na kikapu cha nguo, akinung'unika.
Na Twaha? Naifungua kadi yake, ina doa la chai.
Mwezi wa tisa, mhuri.
Mwezi wa kumi na nane, pa wazi.
Ndio mwezi tulioletewa majibu ya dada.
Dozi moja huwatosha wengi.

Dada yuko Mombasa. Dawa za saratani zimemfagia
mpaka askari wa mwilini.
Anapiga simu: Nakuja.
Usije.
Mwanangu ananiita?
Anakuita. Usije.

Ndipo Bi Somoe akatokea na bakora yake,
miaka sabini na minane, harufu ya karafuu.
"Nipani ndia. Mimi na huyu tumeyuwana kae."
Surua ilimkuta Siyu, ana miaka sita,
yeye na Mwanamkuu, kitanda kimoja.
Yeye aliinuka.
Jina hilo hajawahi kulitaja mbele yetu.

Akapanda, ngazi moja, pumzi moja.
Nikampa simu aende nayo, aiweke kidakani.
Sasa dada anasikia, kule aliko,
kijiko kikigonga kikombe,
na sauti kavu ikisema: nwa, bwana, nwa,
mamako yuko papa hapa, ukutani.