Safari ya Julai

Julai hii nguo hazikauki Kariobangi.
Soksi nimezianika juu ya jiko,
ramani nimeikunjua mezani,
kona moja nimeikalishia kikombe
isijikunje tena.

Musembi aonyesha kwa kijiko:
treni ya usiku, asubuhi tuko Mombasa,
siku mbili Mji wa Kale, milango ya nakshi,
kisha Gede, kuta zilizomezwa na mizizi,
kisha Malindi, kulala tu mchangani.
"Na Lamu?"
"Lamu mwakani."
Mwaka jana alisema hivyo hivyo.

Nyuma ya daftari la madeni naandika:
nauli, pweza wa nazi,
kofia ya jua ya Mwende,
chumba chenye feni.
Feni! Nacheka, meno yakigongana.

Lakini baridi hii ndiyo inilishayo.
Ukungu ukishuka Gikomba
sweta hujiuza zenyewe;
robota hufunguliwa alfajiri,
adhuhuri pamebaki vifungo.
Septemba, jua likirudi,
nitakuwa na siku tele na mkoba mtupu.

"Mshika mbili," aanza Musembi.
Simwachi amalize.
Nachukua kalamu.
Nafuta Gede. Mkono wasita, nafuta Malindi.
Nabakiza Jumamosi moja, na Jumapili yake,
vichochoro tuvitembee hadi viatu vilalamike,
na dirisha linalotazama maji.

Mwende amekwisha kufunga begi lake.
Nalifungua, natoa sweta ya kijivu,
naipiga pasi,
naiweka juu ya mzigo wa kesho.
Huko hataihitaji.
Hapa, kufikia saa tatu, itakuwa nauli.