Tabaka la Juu

Shanga, shimo la tatu. Nachekecha.
Kabla ya kigae cha kijani,
kabla ya ushanga na mfupa wa nguva,
tunatoka sisi:
pampasi, vifuniko vya soda,
nailoni iliyojishona mizizini,
na kandambili ya kushoto,
herufi L imechomwa kwa msumari.

Ya Lali wangu.
Nilimchapa kwa kuipoteza,
akaapa bahari imeila.
Bahari haili vitu hivi,
huvirudisha.

Bwana Shekue yuko na daftari lake:
kigae, kigae, ushanga.
Hainui macho.
“Hiyo taka, Mwanaesha. Tupa.”

Nimesimama ukingoni mwa shimo.
Nyuma, msikiti usio na paa;
mbele, mikoko imevaa mifuko.

Niitupe wapi, bwana,
ambapo hamtachimba?